Ametoka Kidogo

Wewe uliyecheka juzi ukaficha mdomo kwa kiganja, nilikuona. Macho yangu ni mabovu lakini si mabovu kiasi hicho. Ukamnong'oneza mwenzako: "Bibi kazeeka, sasa anasikia majini kwenye chumba cha nyuma." Kaa chini. Mimi nimeishia darasa la saba na wewe una cheti kimetundikwa ukutani, lakini darasa la saba la enzi zetu lilitufundisha kunyamaza mkubwa akisema. Naandika haya kwa mkono wangu kwenye daftari la mistari, usije ukasema hukuambiwa.

Na nikifa, semeni nimekufa. Msitangaze kwamba bibi ametutoka. Msiseme nimetangulia, wala nimepumzika. Atakayesema nimewatoka, namwombea tumbo la kuhara siku saba. Mkitaka kujua kwa nini, someni mpaka mwisho, na msiruke mistari.

Fundi ni mtoto wa kaka yangu. Nilimlea mimi tangu ana miaka minne, mama yake alipokufa. Akakua, akajifunza kutengeneza miwani, nikampa chumba cha mbele cha nyumba hii akafungua karakana yake. Pale mbele alisaga vioo, akavitia kwenye fremu, akawavalisha watu. Chumba cha nyuma, mwisho wa korido, kilikuwa na meza ya mviringo na viti vitano, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikutana humo kucheza mchezo wao.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mmoja ana karatasi, na kwenye karatasi ameandika mtu aliyemzua kichwani mwake: jina, nguvu zake, ujanja wake, kitu anachokiogopa. Fundi yeye ndiye msimulizi. Anaisema dunia, wenzake wanaishi ndani yake. "Mnafika mtoni. Daraja limekatika. Unafanya nini?" Mwenye karatasi anajibu, anatupa dadu, dadu zikikubali anavuka, zikikataa anazama. Watu wazima na ndevu zao. Siku ya kwanza nilipochungulia nikawauliza kama kuna mgonjwa nimwitie gari.

Wachezaji walikuwa watatu. Mke wa Fundi, ambaye mimi namwita Mkwe, kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Breki aliendesha lori la matairi ishirini na mbili. Na Mwalimu, wa hesabu, mtu wa kunyoosha kola hata akiwa peke yake. Kiti cha tano, chenye mto wa kijani, kilikuwa cha kuwekea magazeti.

Lakini kilichomkolea Fundi kuliko mchezo ni wale watu wa kwenye karatasi. Kabla hawajaanza, chai ikiwa bado ya moto, alikuwa akikaa anawakumbuka kama mtu anavyokumbuka rafiki wa shule. "Mnamkumbuka Jemedari Nusu?" Huyo alikuwa wa Breki: jemedari asiyeogopa simba wala moto, ila akimwona kuku anapanda juu ya meza. "Na Daktari Pengine?" Huyo wa Mwalimu, tabibu asiyekuwa na uhakika na kitu: pengine utapona, pengine ni ini, pengine mimi si daktari. Wa Mkwe aliitwa Kimya, mwizi ambaye hajui kusema uongo, basi akikamatwa ananyamaza miaka. Fundi akiwasimulia hao macho yalimlowa kwa kucheka. Alizijua hata nguo zao.

Wa nne hakuwa na mchezaji. Alikuwa wa Fundi mwenyewe: Bi Funguo, kizee aliyeuza funguo zisizo na makufuli, mwenye mdomo wa kumfokea mfalme kama anafokea paka jikoni. Akimsema huyo, Fundi alikaza koo, akapinda mgongo, na sauti iliyomtoka ilikuwa yangu. Yangu mimi.

"Shangazi, umeibiwa!" Breki alinipigia kelele siku moja, kashika mbavu.

"Mwizi mwenyewe nimemnunulia viatu vya shule," nikamjibu. Sikuchukia. Ningekuwa na akili ningechukia.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Watu hao walikufa. Ndiyo mchezo ulivyo, dadu zikikataa umekwisha. Jemedari Nusu alianguka darajani, Breki na mwili wake wote ule akatoka nje kupiga chafya ya uongo. Daktari alikunywa dawa yake mwenyewe. Kimya alinyongwa kwa sababu alikataa kusema. Bi Funguo, nyumba ya mfalme ilipokuwa inaungua, aliwasukuma wenzake nje, akabaki ndani, akafunga mlango. Lakini Fundi hakusema hata siku moja kwamba fulani amekufa. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye boksi la fremu za miwani, akasema: "Ametoka kidogo. Atarudi."

Kila mmoja. Ametoka kidogo, atarudi. Mimi nikipita koridoni nikiyasikia maneno hayo nilikuwa naona baridi kwenye meno, na nilijua kwa nini, lakini nikaendelea na safari yangu.

Jumamosi moja ya mvua nilikuwa jikoni nachambua mchele. Mkwe akaingia na birika, akasimama.

"Shangazi, umepitia wapi?"

"Nimepitia wapi kwenda wapi?"

"Si nimekuacha chumbani sasa hivi? Umebisha hodi, Fundi akasema karibu shangazi, ukakaa."

"Mguu huu umevimba tangu asubuhi. Uliniona usoni?"

Akafikiri. "Nilikuwa nimeinama naokota dadu. Nilikusikia tu. Na kiti kililia."

Akalitazama sinia la mchele, akautazama mguu wangu, na wakati anautazama, kutoka mwisho wa korido mtu akacheka. Kicheko kile nakifahamu, kinaanzia puani halafu kinakatika kama uzi. Nimekisikia miaka sabini na moja, lakini siku zote kutoka ndani ya kichwa changu. Siku hiyo nilikisikia kinatoka nje.

Mkwe akasema polepole sana, "Shangazi, funga mdomo, tafadhali." Alitaka kuhakikisha. Nikaufunga. Kicheko kikaendelea.

Nilimwita Fundi jioni ile, nikamuuliza amemkaribisha nani. Akanitazama kama namtania. "Wewe, shangazi. Nani mwingine anabisha hodi halafu anaanza kufoka kabla hajajibiwa?"

"Sikuja."

"Basi itakuwa mchezo umenikolea," akasema, akacheka, lakini mkono wake ulikwenda mfukoni na nikasikia dadu zinagongana humo.

Jumamosi iliyofuata Breki alitoka katikati ya mchezo, akanikuta uani, funguo za lori mkononi.

"Sirudi tena, Shangazi. Usinilaumu."

"Umeshindwa na karatasi?"

"Mimi nimelala na lori porini peke yangu wiki nzima, siogopi." Akashusha sauti. "Kile kiti chenye mto. Magazeti yameondolewa, hatujui na nani. Mto unabonyea, halafu unapanda. Unabonyea, unapanda. Kama kifua cha mtu aliyelala. Na kabla Fundi hajafungua mdomo, kuna anayetuuliza, 'Unafanya nini?' Sauti yako, Shangazi. Nisamehe. Nikajibu. Nikasema narudi nyuma. Na miguu yangu ikarudi nyuma yenyewe mpaka ukutani, na mimi nimekaa!"

Mwalimu hakungoja hata kuaga. Alikwenda na mvua, mwavuli wake akauacha. Tangu hapo chumbani walibaki Fundi na kiti.

Fundi akaanza kuingia humo hata siku za kazi. Wateja walikuja karakana, wakakuta mlango wazi na fremu zao hazina vioo. Mkwe akipita koridoni alisikia wawili wanakumbushana: "Unamkumbuka Jemedari siku ya kuku?" na sauti yangu inajibu, "Namkumbuka, yuko njiani, anakuja." Na harufu ikaanza, harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka, ikatoka chini ya mlango, ikaingia kwenye mikate ya Mkwe mpaka wanunuzi wakairudisha. Siku moja nikakuta kwenye meza ya karakana miwani mpya, fremu kama yangu. Nikaivaa, dunia ikapinda. Mkwe akaipima kwa vile vyombo vya mumewe. Zilikuwa namba za macho yangu mimi, ila la kulia limetiwa kushoto na la kushoto kulia, kama anayeivaa yuko upande wa pili wa kioo.

Jumamosi ya nne Fundi aliingia baada ya chakula, na hakutoka.

Saa kumi Mkwe alikwenda kumwita, akafungua mlango. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mumewe alikuwa amekaa, akamwona, akafurahi, akasimama. "Ndiyo, nakuja, nimechoka sana." Akatembea mpaka mlangoni, akainua mguu kuvuka kizingiti, na alipoushusha alikuwa amempa Mkwe mgongo, anaingia, anatazama meza. "Mbona ni kile kile?" akasema. Akageuka, akaja tena. Akavuka. Akawa anaingia. Mara ya tatu Mkwe alimshika mkono, akauvuta kwa nguvu zote, na kilichobaki kwenye kiganja chake ni joto tu, kama umeshika mahali ambapo kikombe kilikuwa. Ndani, sauti yangu ilikuwa inasema taratibu, kwa raha, "Fundi anafungua mlango. Upande wa pili kuna chumba. Kuna meza na viti vitano. Unafanya nini?"

"Usimjibu!" Mkwe akapiga kelele.

Lakini huyo mtu alikuwa ameuliza swali hilo nusu ya maisha yake, na kwake haliachwi bila jibu. "Natoka," akasema. Na akaingia.

Asubuhi Mkwe alileta mganga, mtu mzima wa koti na mkoba wa ngozi kama wakili. Alifika mwisho wa korido, akanusa, akabisha hodi. Kutoka ndani nikamkaribisha. Mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma yake na fimbo.

Mganga akarudi nyuma hatua tatu. "Mimi siingii," akanong'ona. "Humo mgeni ndiye anayekaribisha. Aliingiaje?"

Tukamweleza. Hodi, karibu, karatasi, boksi, na maneno ya Fundi. Aliposikia hayo maneno akayarudia mdomoni bila sauti.

"Aliahidi watu watarudi, mgeni huyu amekuja kuidai ahadi hiyo mahali pao. Hatolewi kwa moshi wala kitabu. Aliyeahidi lazima ayafute maneno yake yeye mwenyewe, kwa kila mtu, mmoja mmoja. Na afanye upesi, mama. Mtu hawezi kukaa muda mrefu mahali ambapo saa haitembei."

"Nani amwambie?"

Mganga akafunga mkoba wake. "Atakayeingia bila kukaribishwa."

Ada yake hakuichukua. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mkwe alitaka kuingia. Nikamwambia wewe utalia, ukilia utamjibu, kaa hapa. Nikachukua fimbo. Sikubisha hodi. Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa kuosha nguo za watu, sibishi hodi kwenye mlango wangu.

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, saa sita mchana, giza kama chungu. Ndani ya chumba kile dirishani kulikuwa na jua. Jua la saa kumi, la manjano, limelala mezani palepale lilipokuwa jana. Mvua sikuisikia tena. Fundi alikuwa amekaa, midomo imepasuka kwa ukavu, ndevu zimeota kama mtu wa wiki tatu, na mbele yake karatasi zote zimekunjuliwa, na kwenye kile kiti chenye mto sikuona kitu, niwaambie ukweli sikuona kitu, ila mto ulibonyea na ukapanda, ukabonyea na ukapanda, na pale unapobonyea nami pumzi ilinitoka, unapopanda nami ikaniingia, mpaka nikatambua kwamba sihemi mwenyewe, kuna anayenihemea, na nikabana pua kwa vidole nikahesabu mpaka tano ili nipate pumzi iliyo yangu.

"Kizee anaingia," sauti yangu ikasema kutoka kitini. "Mguu unamuuma. Unafanya nini?"

"Unaniuliza nafanya nini, wewe umenioa?" nikasema. Nikampa kisogo, nikamgeukia Fundi. "Wewe. Nitazame mimi. Jemedari Nusu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, shangazi." Sauti yake ilikuwa unga. "Anarudi, amesema anarudi."

"Alianguka darajani. Alifanyaje?"

"Shangazi, usi..."

"Alifanyaje?"

Akaitazama karatasi, akaishika kwa mikono miwili. "Alikuwa anaogopa kuku," akasema, na machozi yakamtoka. "Alikuwa mzuri sana, shangazi. Amekufa."

Karatasi ikajikunja mkononi mwake kama jani. Kitini mto ulisita.

"Daktari?"

"Amekufa. Pengine." Akacheka na kulia. "Hapana. Amekufa."

"Kimya?"

"Amekufa. Hakumtaja mtu. Amekufa."

Harufu ikapanda mpaka nikaionja kooni, na ile sauti ikaanza kusema haraka, ikasema Fundi anasimama, Fundi anatembea, Fundi anafungua mlango na upande wa pili kuna chumba na chumbani kuna mlango na upande wa pili wa mlango kuna chumba, na mtoto wa watu akaanza kunyanyuka kweli, nikamtia fimbo begani nikamkalisha.

"Bi Funguo," nikasema.

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo alipokwama. Akanitazama mimi, akakitazama kile kiti, akanitazama mimi. "Siwezi. Huyo ni wewe. Nikisema huyo amekufa..."

"Nina miaka sabini na moja. Unadhani nasubiri ruhusa yako?"

"Amesema atarudi."

"Nani alikufundisha maneno hayo?"

Na mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu radhi tangu nizaliwe, muulizeni marehemu mume wangu, nilivuta kiti cha Breki nikakaa, kwa sababu mguu haukunibeba.

"Ulikuwa na miaka minne," nikasema. "Ulisimama kwenye mlango wa mbele siku tatu, huli. Ulikuwa unauliza mama yuko wapi. Nilikuwa na nguo za watu za kuosha, na msiba, na wewe. Nikakwambia ametoka kidogo, atarudi. Ukanyamaza. Ukala. Nikaona imefaa, nikaiacha hivyo hivyo. Sikurudi kuifuta. Mama yako hakutoka, mwanangu. Alikufa hospitali, siku ya Jumatano, nilimwosha mimi kwa mikono hii. Nilikudanganya kwa sababu nilikuwa nimechoka."

Hata ile sauti ilinyamaza. Nadhani ilikuwa inasikiliza.

Fundi aliinua macho. Uso wake ulikuwa wa mtoto yule yule. "Nilijua," akasema mwisho. "Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Nimesema. Sasa sema na wewe."

Akaichukua karatasi ya Bi Funguo. "Alifunga mlango kutoka ndani," akasema. "Nyumba ikaungua. Bi Funguo amekufa."

Mto wa kijani ukabonyea mpaka chini na haukupanda. Mvua ikarudi, yote kwa pamoja, ikapiga mabati kama mchanga uliomwagwa, na dirishani jua likazimika tukawa kwenye giza la saa sita mchana. Nikamwambia simama, usijibu neno, tembea mbele yangu. Akafika kizingitini. Akainua mguu. Nilimsukuma kwa fimbo kiunoni, sikumngoja aamue, na Mkwe akampokea kifuani, mzito, mzima, ananuka jasho lake mwenyewe. Wakaanguka wote wawili sakafuni, na nikasikia Mkwe anamtukana kwa furaha.

Nami nikabaki chumbani peke yangu. Karatasi nne zilikuwa mezani. Nikazitazama, nikaona heri zibaki huko huko. Nilikuwa nimekwisha tembea mpaka mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, nyuma yangu kiti kikalia, kama mtu anayejiweka vizuri kusubiri. Na sauti yangu ikasema, kwa upole, kwa ule upole niliowahi kuutumia mara moja tu maishani, kwa mtoto wa miaka minne:

"Ametoka kidogo. Atarudi."

Sikugeuka. Nikatoka, nikafunga mlango.